Nairobi hadi New York: Umbali Mmoja, Saa Nyingi

Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba yake ilionyesha kwamba ndege ingeondoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta saa 23:25 na kutua Uwanja wa John F. Kennedy saa 06:25 siku inayofuata. Msomaji anayehesabu kwa vidole anapata saa saba. Ratiba ya kurudi ilionyesha kuondoka saa 12:25 na kufika saa 10:55 kesho yake, na vidole vile vile vinampa saa 22 na nusu. Akifungua kikokotoo cha umbali kwenye simu anaambiwa kuwa kati ya viwanja hivyo viwili kuna takriban kilomita 11,840, na kwamba safari huchukua saa 13 na dakika kumi hivi. Akimuuliza mtu aliyewahi kusafiri, anajibiwa kwamba kwenda ni saa 15, na kurudi ni pungufu kidogo.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyedanganya. Kila mmoja amejibu swali tofauti, na utata wote unatokana na kwamba sisi tunauliza swali moja tu, “ni saa ngapi mpaka huko?”, tukidhani kwamba umbali ukishajulikana, muda nao umeshajulikana.

Tuanze na umbali wenyewe, kwa sababu ndio pekee usiobadilika, ingawa nao una mshangao wake. Ramani ya ukutani inayotundikwa madarasani humfanya mtu aamini kwamba njia fupi ya kutoka Nairobi kwenda New York ni mstari ulionyooka unaopita juu ya Nijeria, Mali na Mauritania, kisha ukaikata Bahari ya Atlantiki kwa mshazari. Rubani akiufuata mstari huo, yaani akishika uelekeo mmoja wa dira tangu mwanzo hadi mwisho, atasafiri kama kilomita 12,190. Ramani hiyo imelitandaza umbo la mviringo juu ya karatasi bapa, na haiwezekani kulitandaza bila kulivuta mahali fulani. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo mvuto unavyozidi.

Chukua tufe, au hata chungwa kubwa, utie alama mbili, kisha uvute uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi ukikazika haufuati mstari wa ramani, bali hupanda juu kuelekea kaskazini kisha hurudi kushuka. Njia hiyo ya uzi ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe, na ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Kwa safari yetu, uzi huo unaondoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, unapita Uganda kaskazini ya Ziwa Kyoga, unaingia Sudan Kusini, unagusa pande za Darfur, unavuka Chad, kaskazini ya Niger na jangwa la Algeria, kisha unaiacha Afrika katika pwani ya Moroko, karibu na mji wa Safi. Baharini unapita juu ya visiwa vya Azores, ambavyo ni vya Ureno, na unaendelea kupanda hadi kwenye latitudo ya digrii 42 na ushee. New York iko kwenye digrii 40 na dakika 38. Maana yake ni kwamba ndege iliyotoka kusini kidogo ya ikweta inakwenda kaskazini kupita mji inaouendea, kisha inaujia kwa kushuka kidogo kuelekea kusini. Abiria anayeitazama ramani ya kwenye kiti hudhani rubani amepotea njia, kumbe ameokoa takriban kilomita 350.

Vikokotoo viwili vikitofautiana kwa kilomita chache si jambo la kushangaza. Dunia si tufe kamili, bali imebonyea kidogo kwenye ncha zake, ambako nusu kipenyo ni pungufu kwa kilomita 21 hivi kuliko kwenye ikweta. Kikokotoo kimoja huichukulia kama mpira, kingine huukumbuka mbonyeo huo. Tofauti haimhusu abiria.

Uzi huo huo ndio unaoeleza kwa nini kupitia Amsterdam si mzunguko mkubwa kama unavyoonekana. Nairobi hadi Amsterdam, kisha Amsterdam hadi New York, jumla ni kama kilomita 12,500, yaani ziada ya kilomita 700 tu. Anayepitia Dubai, ambako kwa macho ya ramani si mbali sana na kwetu, anasafiri zaidi ya kilomita 14,500, kwa sababu anaanza kwa kwenda mashariki ilhali mwisho wake uko magharibi. Watu wengi huchagua njia kwa bei, na wana haki, ila wasije wakashangaa muda ukiwa tofauti.

Sasa tuje kwenye muda. Ndege iliyotumika kwenye njia hii, Boeing 787-8, huruka angani kwa mwendo wa asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Katika kimo cha kilomita 11 hivi, ambako hewa ina baridi ya zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, sauti husafiri kilomita 1,060 kwa saa, kwa hiyo mwendo wa ndege unakaribia kilomita 900 kwa saa. Gawa 11,840 kwa 900, utapata saa 13 na dakika tisa. Hilo ndilo jibu la kikokotoo. Ni jibu sahihi kwa ndege iliyozaliwa angani ikiwa tayari katika mwendo wake, isiyopanda wala kushuka, isiyokutana na upepo wala mpaka wa nchi, na ambayo haina haja ya kutua.

Upepo ndio jambo kubwa kuliko mengine yote, na wenyeji wa pwani hawahitaji kufundishwa. Majahazi ya Oman yalikuja Zanzibar na Lamu kwa kaskazi, yakangoja, yakarudi kwa kusi, na hakuna nahodha aliyesema kuwa safari ya Maskati ni siku kadhaa bila kwanza kutaja msimu. Aliyelazimika kwenda mbisho alijua kwamba bahari ni ile ile lakini siku si zile zile. Ndege nayo, pamoja na nguvu za injini zake, inaelea ndani ya hewa inayosogea. Zile kilomita 900 kwa saa ni mwendo wake kuhusiana na hewa inayoizunguka, si kuhusiana na ardhi iliyo chini. Hewa ikiwa inasogea kumpinga rubani kwa kilomita 60 kwa saa, ardhi itapita chini yake kwa kilomita 840 tu; ikimsukuma kwa kiasi hicho hicho, itapita kwa kilomita 960.

Juu ya latitudo za kati, kimo cha kilomita tisa hadi 12, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, miembamba kama mito, ambayo katikati yake hupita kilomita 200 kwa saa, na wakati wa baridi huweza kuvuka 300. Mkondo mmoja hupita juu ya Sahara ya kaskazini katika miezi ya Desemba hadi Machi, na mwingine huvuka Atlantiki ya kaskazini mwaka mzima, ukipungua nguvu wakati wa joto. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya hewa ya ikweta na ile ya ncha za dunia, pamoja na mzunguko wa dunia unaoupinda upepo. Ndege inayokwenda New York inapambana na mikondo hiyo katika sehemu kubwa ya safari, na inayorudi Nairobi inabebwa nayo.

Hapa pana hesabu ambayo watu huikosea. Wengi hudhani kwamba hasara ya kwenda hufidiwa na faida ya kurudi, hivyo safari mbili zikijumlishwa upepo unakuwa kama haukuwepo. Tujaribu kwa upepo wa wastani wa kilomita 60. Kwenda, kilomita 11,840 kwa mwendo wa 840 ni saa 14 na dakika sita. Kurudi, kwa mwendo wa 960, ni saa 12 na dakika 20. Jumla ni saa 26 na dakika 26, ilhali bila upepo ingekuwa saa 26 na dakika 19. Dakika saba zimepotea, kwa sababu ndege inakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoichelewesha kuliko ndani ya ule unaoisaidia. Upepo ukizidi, hasara nayo inazidi.

Kuna dhana nyingine inayopaswa kuwekwa kando, nayo husikika hata kwa watu waliosoma: kwamba kwa kuwa dunia inazunguka kwenda mashariki, ndege inayokwenda magharibi ingepaswa kufika mapema, kwani New York inaijia. Ardhi ya ikweta huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo kama dhana hiyo ingekuwa kweli, rubani angepaa tu juu ya Nairobi, akangoja, na Amerika ikamjia yenyewe chini ya matumbo ya ndege. Lakini hewa huzunguka pamoja na ardhi, na ndege huzunguka pamoja na hewa. Ukiwa ndani ya treni ya Mombasa ukarusha sarafu juu, inaangukia kiganjani mwako, haimwangukii aliyekaa behewa la nyuma.

Baada ya upepo inakuja mipaka. Uzi wa kwenye chungwa haujui vita wala serikali. Anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipozuka Aprili 2023, na tumeona kwamba njia fupi inagusa Darfur. Mwezi Agosti mwaka huo huo, baada ya mapinduzi ya kijeshi, Niger nayo ilifunga anga yake, ikaifungua mwanzoni mwa Septemba. Katika wiki hizo, anayetoka Afrika Mashariki kwenda kaskazini-magharibi alikuta milango miwili imefungwa kwa pamoja, na ndege zililazimika kuzunguka. Hata penye amani, waongoza ndege wanaweza kumpa rubani njia iliyo pembeni kidogo ili kumtenga na ndege nyingine, na kila asubuhi wapangaji wa safari hutazama utabiri wa upepo na kuchagua njia ambayo pengine ni ndefu kwa kilomita lakini fupi kwa dakika. Ndiyo maana nyayo za ndege hiyo hiyo, siku mbili mfululizo, huweza kuachana kwa mamia ya kilomita.

Kisha kuna muda ambao ndege iko ardhini lakini safari imeshaanza. Ratiba ya shirika haihesabu tangu magurudumu yanapoiacha ardhi. Inahesabu tangu kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu hadi zinaporudishwa mwisho wa safari. Ndani yake kuna kusukumwa kinyumenyume kutoka langoni, kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanga foleni, kupanda taratibu hadi kimo cha juu, kushuka, na katika kiwanja chenye shughuli kama cha Kennedy, kutambaa tena kwa muda usiotabirika. Juu ya hayo, mashirika huongeza dakika za akiba ili ndege iliyochelewa kidogo ihesabike kuwa imefika kwa wakati. Kwa hiyo rubani anapotangaza kwa furaha kwamba mtatua dakika 40 kabla ya muda, si lazima awe amekimbia. Pengine upepo ulikuwa mpole na akiba haikutumika. Ukijumlisha hayo yote juu ya saa 14 za mfano wetu wa upepo, utaona saa 15 za ratiba zimetoka wapi.

Hata saa ya kuondoka haikuchaguliwa ovyo. Kiwanja cha Nairobi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi; mbawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupumua hewa haba. Jua la mchana linaifanya hewa hiyo iwe nyepesi zaidi. Ndege yenye mafuta ya saa 15 ni nzito sana, na matangi ya 787-8 yanaweza kubeba takriban lita 126,000. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa na kushikana, kunairuhusu ipae na uzito ambao saa nane mchana ungekuwa taabu. Anayeondoka New York, ambako kiwanja kiko mita chache tu juu ya bahari, hana shida hiyo.

Sehemu ya mwisho ya utata haimo angani bali kwenye saa ya mkononi. Nairobi iko saa tatu mbele ya saa za kimataifa, mwaka mzima. New York iko saa tano nyuma ya saa hizo za kimataifa wakati wa baridi, na saa nne nyuma kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele. Tofauti yetu na wao ni saa nane katika msimu mmoja na saa saba katika mwingine. Rudi sasa kwenye tiketi: 23:25 hadi 06:25 ni saa saba za macho, ongeza nane za msimu wa baridi, unapata 15. Kwa kurudi, 22 na nusu ukitoa nane, unapata saa 14 na nusu. Kanuni haibadiliki: ukienda magharibi ongeza tofauti, ukienda mashariki ipunguze, na kabla ya yote hakikisha unajua ni mwezi gani.

Kwetu sisi tunaotumia Kiswahili kuna mtego wa ziada, nao ni wa lugha. Tiketi huandika 23:25, sisi tunasema saa tano na dakika 25 usiku. Tiketi huandika 06:25, sisi tunasema saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Hilo wengi wamelizoea. Hatari kubwa iko kwenye saa za baada ya usiku wa manane, ambazo ndizo ndege nyingi za kwenda Ghuba na Ulaya huondoka kutoka miji yetu. Mjomba wangu wa Tanga alikuwa akienda Maskati kuwaona watoto wake, na tiketi yake ilisema tarehe 9, saa 00:45. Kwa hesabu yake tarehe 9 ilikuwa na usiku mmoja tu, ule unaofuata mchana wa tarehe 9. Akala chakula cha mchana kwa utulivu, akaaga majirani, akafika kiwanjani Dar es Salaam saa tatu usiku na mabegi yake matatu, akaambiwa kwamba ndege yake ilikuwa imeondoka saa 20 zilizopita. Cha ajabu ni kwamba lugha yetu ina maneno yaliyo barabara kwa jambo hili: usiku wa kuamkia tarehe 9. Wazee wa pwani, ambao kwao siku huanza jua likizama, wangeielewa tiketi hiyo vizuri kuliko sisi tulioshika kalenda ya ukutani. Laiti mkata tiketi angemwambia “usiku wa kuamkia”, mjomba asingelipa faini ya kubadilisha safari.

Mwili nao una hesabu yake isiyofuata yoyote kati ya hizi. Anayeondoka Nairobi katikati ya Januari aliliona jua likizama kabla ya saa moja jioni. Ndege inapokwenda magharibi inalikimbia jua linalokuja nyuma yake, na ingawa linaishinda mbio, inalichelewesha sana. Akitua New York saa 06:25 bado ni giza, na jua litachomoza karibu saa moja na dakika 20 asubuhi ya huko, ambayo ni saa tisa na dakika 20 alasiri ya Nairobi. Amekaa usiku mmoja wa zaidi ya saa 20. Katika kurudi mambo hugeuka: ndege iliyoondoka saa sita na dakika 25 mchana inaiendea giza, na kwa msimu huo jua huzama nyuma yake baada ya muda wa takriban saa tatu tu. Kuna abiria walioletewa chakula cha mchana wakakimaliza gizani.

Anayetaka kupanga siku yake, badala ya kushindana na kikokotoo, na ahesabu kutoka mlango hadi mlango. Atoke nyumbani saa moja kabla ya muda wa kufika kiwanjani, afike huko saa tatu kabla ya ndege kuondoka, akae ndani yake saa 15, asimame kwenye foleni ya uhamiaji, angoje mabegi, kisha apande gari la mjini. Hizo ni saa 21 au 22 kwa aliye Nairobi mwenyewe, na aliyetokea Kisumu au Dar es Salaam kwa ndege nyingine anavuka 24 bila shida.

Ndege inaposimama langoni na abiria kuwasha simu zao, wengi huwapigia wa nyumbani kabla hata mkanda haujafunguliwa. Nje ni alfajiri yenye barafu, taa za magari zimewaka. Mama anayepokea simu kule Kisumu ameshaosha vyombo vya mchana, maana kwake ni saa nane na dakika thelathini, na swali lake la kwanza huwa ni kama mwanawe amekula.